Kufufua Raleigh ya zamani: pima kwanza, nunua baadaye

Kutu haijaua baiskeli nyingi za zamani kama spana isiyo yake. Raleigh nyeusi ya magurudumu ya inchi 28 na breki za fito za chuma, ile ambayo Kenya huitwa Black Mamba pamoja na ndugu zake wa Kichina na Kihindi, iliundwa kwa chuma kinene kinachovumilia mvua na jua kwa miongo mingi. Kisichovumilia ni thredi iliyolazimishiwa nati ya baiskeli nyingine, au pini ya kranki, yaani ya mkono wa pedali, iliyopigwa nyundo bila egemeo. Ndiyo maana kazi ya kuifufua huanza na rula, kalipa na daftari. Rangi ni ya mwisho, na mara nyingi haihitajiki kabisa.

Kabla ya kufungua nati hata moja, kagua fremu. Kwa baiskeli iliyokaa Mombasa, Tanga au Unguja, usiangalie nje tu, kwa sababu hewa ya chumvi hula bomba kutoka ndani. Gonga kila bomba kwa sarafu kuanzia juu kushuka chini na usikilize. Sauti ikibadilika ghafla na kuwa butu, chuma kimekonda hapo au uchafu umejaa. Kisha chokoa kwa ncha ya bisibisi chini ya senta, yaani pale ekseli ya pedali inapopita, maana maji yote yanayoingia kupitia bomba la kiti huishia hapo. Chokoa pia nyuma ya senta, mabomba mawili membamba yanapoanza kuelekea gurudumu la nyuma. Bisibisi ikizama, iache hiyo fremu, hata ikiwa na beji nzuri namna gani. Kutu ya juu inayoacha vumbi la kahawia kidoleni haina neno.

Angalia pia foki kwa upande. Baiskeli iliyogonga mbele huwa na miguu ya foki iliyorudi nyuma, na rangi hukunjamana chini ya bomba la juu na la chini karibu na usukani. Foki hubadilishwa. Fremu iliyokunjamana hapo hainyooshwi ikawa salama.

Kujua umri wake, tafuta maandishi kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, kama ni ya gia tatu ya kampuni ya Sturmey-Archer. Kiwanda kilipiga chapa ya mwaka na mwezi juu ya chuma chenyewe, kwa hiyo 62 ikiwa pamoja na 7 ni Julai 1962. Lakini huo ni umri wa habu. Gurudumu huhama kutoka baiskeli moja hadi nyingine, basi uthibitishe kwa vitu vingine: beji ya korongo mbele, gia kubwa iliyokatwa umbo la korongo, na namba ya fremu karibu na kiti. Vyote vikikubaliana, una baiskeli ambayo haijachanganywa, na hiyo inastahili uangalifu zaidi kuliko iliyokusanywa kwa vipande.

Sasa thredi. Raleigh ya Nottingham ilitumia thredi zake yenyewe, nyuzi 26 kwa inchi, kwenye vikombe vya usukani na kwenye senta za modeli nyingi, ilhali kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni nyuzi 24. Kipenyo ni karibu kilekile. Hapo ndipo mtego ulipo: kikombe kipya cha 24 kinaingia mzunguko mmoja, kinakaza, na fundi mwenye haraka anaongeza nguvu akidhani ni kutu. Kinaingia kweli, lakini kinakata thredi mpya juu ya zile za zamani, na siku ya kukitoa hakuna kitakachobaki. Sheria ninayoishika ni hii: kitu kinachofungwa kwa thredi lazima kiingie kwa vidole mizunguko miwili mizima, thredi zikiwa safi na zina mafuta. Kikikataa, hakihusiani na baiskeli hiyo. Phoenix ya Kichina na Hero ya Kihindi zinafanana na Raleigh kwa sura, lakini usidhani zinafanana ndani. Nenda dukani na kipande cha zamani mfukoni, ukilinganishe palepale.

Nati zenyewe pia si za milimita. Spana ya milimita inayokaribia kutosha ndiyo inayokula pembe za nati. Jaribu kadhaa mpaka upate inayokaa bila kucheza, na nati iliyogoma imwagie mafuta ya taa yaliyochanganywa na kidogo cha mafuta mepesi ya injini, uiache usiku kucha. Pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia, kinyume cha kawaida. Kikombe cha senta upande wa cheni nacho ni cha kinyume. Kama njia ya gololi ndani yake bado inang'aa, kiache mahali pake, ukisafishe hapohapo.

Pini za kranki ndizo zinazoharibu kazi kuliko kitu kingine chochote. Ni kipande cha chuma chenye upande mmoja bapa, kinachopita kwenye kranki na kuegemea sehemu bapa ya ekseli. Kikikaa miaka mingi hushikamana kabisa. Kosa linalozoeleka ni kuondoa nati na kupiga ncha yenye thredi. Ncha inapinda, inavimba, na sasa pini haitoki mbele wala nyuma. Na hata isipopinda, nguvu ya nyundo hupitia kwenye gololi na kutoboa mashimo kwenye vikombe.

Fanya hivi. Legeza nati mpaka uso wake ulingane na mwisho wa thredi, ili nati yenyewe ipokee pigo. Chukua kipande cha bomba la chuma kirefu cha kufika sakafuni, kiwe na tundu pana kuliko kichwa cha pini, ukisimamishe chini ya kranki ili kichwa cha pini kiwe ndani ya tundu. Baiskeli iegemee bomba hilo kwa uzito wake, mtu mwingine aishike isicheze. Kisha piga mara moja, kwa nyundo nzito ya kilo moja au zaidi. Kugongagonga taratibu kwa nyundo ndogo ndiko kunakovimbisha ncha. Ukiwa na jiliwa kubwa au klampu imara, ni bora zaidi: taya moja ibane ncha ya pini, upande wa pili weka soketi inayozunguka kichwa chake, kaza mpaka usikie mlio kama wa kuni kavu ikivunjika. Ikigoma kabisa, kata ncha, toboa katikati kwa drili ya milimita 5, kisha 7, na kilichobaki kitalegea chenyewe.

Pini mpya inunuliwe kwa kipimo. Za Raleigh ni milimita 9.5, na madukani zipo za 9 pia, ambazo huingia kwa urahisi wa kudanganya halafu zikalegea. Uso wake bapa karibu kila mara unahitaji tupa. Upake wino wa kalamu, ingiza pini, gonga kidogo, itoe. Pale wino ulipofutika ndipo panapogusa ekseli. Piga tupa hapo, taratibu, uso ukibaki sawa bila mgongo, mpaka wino ufutike karibu uso wote na thredi itokeze vya kutosha nati na washa. Pini zote mbili zipigwe tupa kwa kiasi kimoja, la sivyo kranki hazitakuwa kwenye mstari mmoja na mpandaji atasikia mguu mmoja unatangulia. Zielekezwe kinyume: kranki zikiwa zimelala, nati moja iwe juu, nyingine chini. Pini huingizwa kwa jiliwa au kwa nyundo kukiwa na egemeo. Nati kazi yake ni kuishika isirudi, si kuivuta. Anayeivuta kwa nati huua thredi, kwa kuwa chuma cha pini ni laini.

Ekseli ikishatoka, pitisha kucha juu ya njia ya gololi. Ukisikia vishimo, ekseli hiyo imekwisha, na grisi haitaiponya. Gololi zibadilishwe zote kila upande hata kama moja tu ndiyo iliyopasuka, kwa sababu mpya moja kati ya zilizochakaa huwa kubwa kuliko wenzake na hubeba mzigo wote peke yake. Kwenye Raleigh, senta huchukua gololi 11 za robo inchi kila upande, habu ya mbele 10 za 3/16, habu ya nyuma ya fliwili (gia ya nyuma inayozunguka bure usipokanyaga) 9 za robo inchi, na vikombe vya usukani 25 za 5/32. Hesabu zilizotoka, ila usiziamini sana, fundi aliyetangulia huenda alijaza alizokuwa nazo. Jambo la kuangalia ni nafasi: mduara ukijaa, ibaki nafasi ndogo isiyotosha gololi moja. Zikibanana zinasuguana zenyewe kwa zenyewe. Osha kwa mafuta ya taa, kausha kabisa, weka grisi ya bearing za magari ijae nusu ya kikombe. Unapokaza koni, ile nati inayobana gololi za habu, gurudumu likiachwa bure lirudi polepole lenyewe mpaka valvu ikae chini. Lisiporudi, umekaza mno. Ukisukuma rimu kwa pembeni ikacheza, umelegeza mno.

Kutu kwenye vipande vidogo, kama kengele, fito za breki na vishikizo vya madigadi, huondolewa vizuri na ndimu ya unga. Gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, kwenye ndoo ya plastiki, saa chache, ukichungulia na kusugua kwa brashi. Usilaze mpaka kesho, chuma huwa kijivu na kuanza kuliwa. Kikitoka, kioshe kwa maji yenye magadi soda kuua asidi, kikaushe juani, na ukipake mafuta saa hiyohiyo, kwa maana chuma kitupu hupata kutu mpya hata kabla ya jioni. Gololi, springi na koni zisiingie humo kamwe. Chuma kigumu kikikaa kwenye asidi huwa rahisi kuvunjika. Kwa kromu, chukua kipande cha foili ya jikoni, kiloweshe maji, sugua. Foili ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haikwaruzi kama msasa au pamba ya chuma. Palipotoboka patabaki na madoa meusi, lakini yatakuwa laini, na nta ya magari itayazuia yasiendelee.

Kuhusu rangi nina msimamo: kama bado unaona mistari ya dhahabu na maandishi ya kiwanda, usipake upya. Rangi mpya inayong'aa hupatikana popote, ila mistari ile ikishafunikwa hairudi. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, kitambaa laini, jaribu kwanza chini ya senta. Thina na petroli zikae mbali, zinafuta maandishi kwa mpanguso mmoja. Palipobaki chuma kitupu, ondoa kutu kwa brashi ya shaba, gusa kwa brashi ndogo ya rangi nyeusi ya mafuta, kisha nta juu ya fremu nzima. Ndani ya mabomba mimina mafuta mazito kupitia bomba la kiti, uigeuzegeuze fremu, uyaachie yachuruzike.

Fremu isiyo na chochote cha kuokoa, ipakwe kwa utaratibu: msasa namba 80, kisha 180, praima ya kuzuia kutu, msasa 400 kwa maji, halafu tabaka tatu nyembamba. Tabaka moja nene hutiririka na hupasuka baadaye. Ziba thredi na sehemu vikombe vinapokaa kwa utepe wa karatasi kabla hujaanza, maana rangi humo ndani hufanya kikombe kikae upande.

Nyingi zimebeba mizigo au abiria, kwa hiyo utakuta kerea ya nondo iliyochomelewa kwenye fremu na miguu ya ziada kwenye foki. Ikate kwa msumeno wa mkono, umalizie kwa tupa. Grainda huingia kwenye bomba kabla hujaona. Na kama kuna kiungo cha fremu kilichoachia, mpelekee fundi wa gesi anayejua kuchomelea kwa shaba. Viungio hivi vilishikwa kwa shaba kiwandani. Ukichomelea kwa umeme juu yake, shaba inaingia kwenye mchomeleo, unakuwa na vitundu, na utapasuka tena pembeni palepale, safari hii pamoja na bomba.

Kwenye matairi tunayo nafuu. Kipimo cha 28 x 1½, kinachoandikwa pia 40-635, bado kinatengenezwa India kwa ajili ya baiskeli za kazi, na kwetu kipo maduka ya kawaida. Ila soma namba ubavuni. Tairi nyingine ya inchi 28, yenye 622, ina kipenyo kidogo kwa milimita 13 na haitavuka ukingo wa rimu hata ukivunja spana za tairi. Upepo wa psi 50 unatosha kwa mtu mmoja. Rimu hizi za zamani hazina ndoano ya kushika tairi, na upepo wa kupita kiasi huirusha nje.

Idadi ya njiti (spoki) nayo iangaliwe kabla ya kununua rimu. Raleigh ina 32 mbele na 40 nyuma, siyo 36 na 36.

Hapa sasa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Breki za fito hazibani ubavu wa rimu. Zinavutwa kuelekea uso wa rimu unaotazama habu. Maana yake gurudumu linaloyumba kidogo kushoto na kulia halisumbui, bali linalopanda na kushuka ndilo linaloharibu breki, kwani kila mzunguko raba hugusa na kuachia. Kwa hiyo nyoosha kwanza kupanda na kushuka. Tia tone la mafuta kwenye kila nipeli, nati ndogo inayokaza njiti kwenye rimu, siku moja kabla. Funga kipande cha waya kwenye foki, ncha iguse rimu, uzungushe. Rimu ilipokwenda mbali na habu, kaza nipeli mbili za jirani, moja ya kulia na moja ya kushoto, robo mzunguko kila moja. Ilipokuja karibu, zilegeze kwa kiasi hichohicho. Milimita moja ya tofauti inakubalika. Rimu iliyobonyea kwa shimo la barabara haitanyooka kwa njiti: zilegeze hapo, weka kipande cha mbao ndani, ugonge kuelekea nje, ndipo ukaze upya.

Raba zikae milimita 3 kutoka kwenye rimu, pande zote sawa. Kila raba imeshikwa na kijumba cha chuma kilichoziba upande mmoja. Upande uliozibwa lazima uelekee rimu inakokwenda: kwa breki ya mbele uelekee mbele, kwa ya nyuma uelekee chini. Ukigeuza, rimu itaichomoa raba siku utakapobana kwa nguvu, na siku hiyo huwa ni mteremkoni. Kaza pia vishikizo vidogo vinavyoongoza fito kwenye foki na kwenye mabomba ya nyuma. Vikilegea, mkono wa breki huingia kwenye njiti. Pamoja na yote hayo, rimu ya kromu ikilowa, breki hupungua sana. Mwambie mwenye baiskeli hivyo waziwazi kabla hajaichukua.

Fliwili inayoteleza mara nyingi haijafa, imejaa grisi ngumu. Kifuniko chake chenye vitundu viwili kina thredi za kinyume, hufunguka kwa kuzungusha kulia kwa panchi na nyundo ndogo. Kifungulie juu ya sinia, kwa kuwa ndani mna gololi nyingi za 1/8 na ndimi mbili zenye springi nyembamba kama unywele. Osha yote kwa mafuta ya taa, ndimi zipake mafuta mepesi tu. Grisi nzito ndiyo iliyozifanya zisiruke mwanzo.

Ukitaka kuibadilisha iwe nyepesi kwa milima, anza na fliwili. Gia ya mbele ya meno 48 kwa 18 za nyuma husogeza baiskeli karibu mita 6 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Ukiweka 22 nyuma inakuwa kama mita 4.9, na tofauti hiyo magoti huisikia Lushoto au Kisii. Cheni itahitaji pingili mbili zaidi, au gurudumu lisogee mbele kama nafasi ipo. Cheni yenyewe ni ya 1/2 x 1/8. Pingili 24 zinapaswa kupima inchi 12 kamili. Zikifika 12 na 1/16, ibadilishe. Zikifika 12 na 1/8, meno ya fliwili yameshaliwa nayo, cheni mpya itaruka juu yake.

Habu ya gia tatu usiifungue kabla hujajaribu mafuta. Tia kijiko cha chai cha mafuta mepesi ya injini kwenye kitundu chake, uzungushe, uilaze siku nzima kila upande. Usitumie mafuta yanayokauka na kuwa gundi, kwani hayo ndiyo yaliyozigandisha nyingi. Kisha weka gia ya pili na uchungulie kitundu cha nati ya kulia: mwisho wa fito ya ndani ulingane kabisa na mwisho wa ekseli. Usipolingana, kati ya gia ya pili na ya tatu pedali hupita bure, na mtu aliyesimama juu yake huanguka kifuani kwenye usukani.

Kiti cha ngozi cha Brooks kilichokauka usikiloweke mafuta. Ngozi hulegea na kuning'inia kama machela. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, paka nta laini juu na chini, kaza boliti ya mbele nusu mzunguko tu, kisha ukikalie kwanza kabla ya kuongeza.

Baada ya kilomita 30 za kwanza, zirudie pini za kranki: gonga tena kwa egemeo lilelile, na utaona nati zimelegea ingawa zilikazwa vizuri, kwa kuwa pini imezama zaidi. Kaza njiti zilizolia, angalia koni ya mbele, pima raba za breki upya. Zirudie tena pini kwenye kilomita 100. Zikikutwa zimekaa safari hiyo, hazitaguswa tena mpaka siku ya kubadilisha gololi.